Fasi ya Kuachia Pombe: Namna ya Kutafuta Kundi Linalokufaa

Maneno yaliyotolewa mbele ya wanachama katika mkutano wa shirika, Kanyaruchinya

 

Komite ilituomba tuseme juu ya pombe. Siku tulipokubali, mama mmoja wa shirika alitusimamisha pale mlangoni, akatuambia: "Musikuje kutuambia pombe ni mubaya, hiyo tunajua. Mutuambie mutu mwenye anataka kuacha anaendaka wapi." Tumelishika neno lake. Leo hatutahubiri. Tutasema juu ya fasi ya kwenda, na namna ya kujua kama fasi hiyo inakufaa au haikufai.

Tuanze na yale tuliyoyapitia pamoja. Mwaka 2022, watu wa Rutshuru, wa Rugari, wa Kibumba walijaa hapa Kanyaruchinya, sawa vile ilivyokuwa mwaka 2012. Mtu aliyekuwa na shamba la viazi na maharagi, na mbuzi wake, akajikuta chini ya sheeting juu ya mawe ya volkano, hana jembe, hana mahali pa kulitia jembe. Saa mbili asubuhi ameamka, na hakuna neno linalomngoja mpaka jioni. Watoto wanalia njaa na yeye anatazama. Pale ndipo wengi walianza. Wengine walikuwa wanakunywa kidogo tangu nyumbani, kasiksi ya arusi, mandale ya kumalizia kazi ya shamba. Kambini ikawa kanyanga, ikawa pombe ya sashe, ile ya bei ndogo ambayo mtu anaikata kwa meno na kuimaliza akiwa amesimama.

Kisha mwanzoni mwa mwaka 2025 makambi yakabomolewa, watu wakachukua njia ya kurudi. Wengi wetu tulifikiri: tukifika nyumbani, pombe itabaki kule kambini. Haikubaki. Ilipanda chukudu pamoja na mizigo. Mtu alifika akakuta nyumba haina mabati, shamba limekuwa pori, jirani amekufa. Ile blanketi aliyokuwa anajifunika kambini akaendelea kujifunika nayo nyumbani. Kwa hiyo anayekunywa katika shirika letu si mtu wa ajabu. Ni mwenzetu aliyebeba mzigo mmoja zaidi.

Sasa tuungame kosa letu, juu tusipoliungama hamtaamini yanayofuata.

Kundi la kwanza tulilolianzisha sisi wenyewe lilikuwa baya. Tulilifanyia katika darasa la shule, saa nne asubuhi, kwa sababu ndiyo saa motokari yetu ilikuwa inapatikana. Kila aliyeingia aliandika jina, namba ya telefone, akatia sahihi. Tulipiga picha za ripoti. Kila mtu alitoka na sabuni na feza kidogo ya transporti. Siku ya kwanza walikuja watu 30, tukafurahi sana. Baadaye tukaja kutambua kwamba wengi kati yao hawakuwa na shida ya pombe hata kidogo. Walikuja kwa ajili ya sabuni, na hatuwalaumu, sabuni ni ya lazima. Lakini wale wachache waliokuja kwa ajili ya pombe, tuliwaketisha mbele ya majirani waliokuja kusikiliza.

Papa mmoja, fundi wa kutengeneza chukudu, alisimama akasema ukweli wake wote. Alipokea mabati ya kujengea nyumba, akauza manane, akayanywa. Alilia. Sisi tukaandika katika kitabu chetu kwamba mkutano umefaulu.

Siku ya tatu yake, watoto pale kwenye robine ya maji walikuwa wanamwita Papa Mabati. Hakurudi tena katika kundi. Tulipokwenda nyumbani kwake, bibi yake alitupokea vizuri, akatupa kiti, halafu akasema neno moja ambalo tungali tunalibeba: "Mulimutosha ndani, mukamuacha inje."

Alikuwa na haki. Tulimtoa mahali alipokuwa amejificha, tukamwacha pasipo paa. Akakunywa kuliko mbele.

Tangu siku ile tuliacha kuuliza "tutajaza kundi namna gani?" Tukaanza kuuliza "kundi gani linamfaa mtu huyu?" Ni maulizo mawili tofauti kabisa. Papa yule, baada ya miezi, alikubali kutembea pamoja nasi. Tulizunguka naye. Kundi la kwanza lilikuwa la maombi katika kanisa. Watu wema, wanaimba vizuri, wanakupokea kwa mikono miwili. Lakini kila alipoanguka, walimwambia ni pepo lililorudi, akaona haya kurudi na pepo lake. Tuseme wazi: katika kundi hilohilo kuna mama mmoja aliyeacha pombe kabisa na amesimama imara mpaka leo. Kundi halikuwa baya, ila halikuwa lake. La pili lilikuwa la vijana motari. Walimheshimu, walimwita mzee, na palepale wakanyamaza, kwa sababu hakuna kijana anayeweza kusema mambo yake mbele ya mtu wa rika la baba yake. Yeye naye hakuweza kusema mbele ya watoto.

La tatu lilikuwa la wanaume sita, waashi na wakulima, wanaokutana nyuma ya nyumba ya mmoja wao. Hakuna kiti. Wanaketi juu ya mawe ya volkano. Wakianza, mmoja anasema: "Ya hapa inabakia kwa mawe." Basi, hiyo ndiyo sheria yao yote. Papa aliketi mara mbili bila kusema kitu. Mara ya tatu akasema.

Katika kutembea huko tulijifunza mambo, na tunataka kuyaacha kwenu leo.

Kabla ya yote, jambo moja la hatari. Mtu anayekunywa kila siku, anayeamka na mikono inatetemeka mpaka apate kikombe cha asubuhi, asiache kwa ghafula akiwa peke yake nyumbani. Tumesikia watu wakisema, "Acha siku moja, uwe mwanaume." Hapana. Mwili uliozoea pombe nyingi kwa muda mrefu, ukiikosa ghafula, unaweza kuanguka kifafa katika siku mbili za kwanza. Siku ya pili, ya tatu au ya ine, mtu anaweza kupata homa, kuchanganyikiwa, kuona wadudu au watu wasiokuwepo, na anaweza kufa. Kwa hiyo, kwanza kituo cha afya, mwambie muuguzi kweli unakunywa kiasi gani na tangu lini. Kuna dawa za kutuliza na kuna vitamini B1, na muuguzi ndiye anayepima. Kukiwa na mambo mazito ya kichwa, Goma kuna kituo cha Tulizo Letu cha Mabruda wa Karita, wanaotunza magonjwa ya akili. Kundi linakuja baada ya hapo, au pamoja na hapo. Kundi si dawa ya kifafa.

Sasa, namna ya kulipima kundi.

La kwanza ni siri. Kabla ya kusema neno lolote, uliza: mnaandika majina? Mnapiga picha? Ya hapa yanakwenda wapi? Kama jibu halieleweki, keti, sikiliza, usiseme kitu chako siku hiyo. Sikiliza pia namna wanavyozungumza juu ya mtu ambaye hakuja. Wakimsengenya leo, kesho watakusengenya wewe. Na kama mkuu wa kundi ndiye pia anayepanga orodha ya msaada, ujue hautasema ukweli mbele yake, na hata wewe hauna kosa. Nani atasema "niliuza mabati" mbele ya mwenye kugawa mabati?

La pili ni watu. Tafuta waliopita ulipopita wewe. Mwanamke anayekunywa katika mtaa wetu anajificha mara mbili, juu mwanaume mlevi wanamcheka, lakini mwanamke mlevi wanamtukana. Kumweka katika kundi la wanaume 12 ni kumfunga mdomo. Na kuna wamama waliopatwa na mambo katika vita ambayo hawatayasema mbele ya mwanaume yeyote, na ni mambo hayohayo wanayoyazamisha katika kikombe. Wamama wanahitaji kundi la wamama. Hili si jambo letu peke yetu. Hata Marekani, miaka ya 1970, kuna mwanamke aliyeanzisha makundi ya wanawake peke yao kwa sababu aliona yale ya wanaume hayamgusi.

Na kati ya wamama, kuna anayepika kasiksi ili kulipia watoto masomo. Alianza kwa kuonja kama imeiva, sasa anakunywa kabla ya muuzi wa kwanza kufika. Kumwambia mama huyo "acha pombe" ni kumwambia "toa watoto shuleni." Kundi linalomfaa ni lile ambalo, pamoja na kumsikiliza, litafikiri naye kazi nyingine, kidogo kidogo, kupitia likirimba. Mmoja kati yao alianza kuuza makala na unga, akapunguza mitungi kutoka minne mpaka mmoja. Hajafika mwisho. Lakini anahesabu.

La tatu ni saa na njia. Hili linaonekana dogo na ndilo linalowaangusha wengi. Mkutano ukimalizika usiku, mtu hawezi kuja, njia hazina usalama. Mkutano ukiwa siku ya soko, watu wako kwenye soko. Na ukiwa mahali ambapo mtu lazima apite mbele ya nganda tatu akienda na tatu akirudi, hiyo si fasi ya kumwita mtu anayejitahidi. Papa wa chukudu alichagua njia ya mashambani, ya mzunguko, inayomkawiza nusu saa. Anasema ile nusu saa ndiyo dawa yake.

La ine ni hili: uliza, mtu akianguka hapa inakuwaje? Karibu kila anayeacha anaanguka mara moja au zaidi. Kundi linalomfukuza, au linalomwadhibu mbele ya wote, litabaki na watu wanaojua kudanganya vizuri. Kundi linalocheka na kusema "si kitu" nalo halifai, juu ni kitu. Linalofaa litakuuliza: ilianza saa ngapi? Ulikuwa na nani? Ulikuwa na njaa? Ulikuwa umepokea feza? Na utamuita nani siku ingine kabla ya kununua? Wanaume wale sita wamepangana wawiliwawili. Siku mtu anapopokea lipwa, mwenzake anatembea naye mpaka nyumbani.

La tano ni feza. Hapa tuwape historia fupi. Mwaka 1935, katika mji wa Akron huko Marekani, wanaume wawili walikutana. Mmoja alikuwa mfanyabiashara wa mambo ya hisa kutoka New York, mwingine daktari wa kupasua. Wote wawili walikuwa walevi walioshindwa na kila dawa. Waligundua kwamba mlevi mmoja akizungumza na mlevi mwenzake, bila mwalimu katikati, wote wawili wanapata nguvu ya kupitisha siku. Hapo ndipo ulizaliwa umoja wa Alcoholics Anonymous, ambao leo uko katika nchi nyingi sana za dunia. Wana kanuni tatu tunazotaka mzisikie. Kwanza, sharti la kuwa mwanachama ni moja tu: kutaka kuacha kunywa. Haulipi, hausajiliwi, hauulizwi kabila wala dini. Pili, jina la ukoo halitajwi, ndiyo maana waanzilishi wenyewe walijulikana katika umoja kama Bill W. na Dr. Bob. Tatu, umoja hauchukui feza kutoka nje, unaishi kwa mchango mdogo wa walioketi mle ndani.

Wana pia mikutano ya aina mbili. Ule wa wazi, ambao bibi, rafiki au jirani anaweza kuingia asikilize, na ule wa kufunga, ambao ni wa wenye shida peke yao. Sisi kosa letu pale darasani lilikuwa kuchanganya hizo mbili. Tulifungua mlango wa wote, kisha tukamwomba mtu aseme ya ndani. Mnaweza kuanza kundi lenu hapa Kanyaruchinya bila kibali cha mzungu wala jina la kigeni. Lakini jambo hili la wazi na la kufunga, lichukueni.

Neno kwa familia. Bibi wa mlevi, mume wa mlevi, mama yake, nao wanaumwa. Anahesabu franka kila usiku, anaficha, anadanganya mwenye deni, anachukua haya isiyo yake. Tangu mwaka 1951 kule Marekani kuna umoja wa familia hizo, Al-Anon, ulioanzishwa na wake za walevi. Bibi wa papa wetu wa chukudu sasa anaketi na wamama wanne, siku ya posho, wakichambua maharagi. Hawafanyi mkutano wa kumrekebisha mwanaume. Wanazungumza mambo yao. Alituambia: "Mbele nilikuwa nachunga chupa yake. Sasa nachunga moyo yangu." Na kama kuna kipigo nyumbani, mama asingoje kundi la mume wake lifanye kazi. Atoke kwanza, yeye na watoto, aende kwa ndugu au kwa wamama wa komite, usiku au mchana.

Sasa maombi yetu, kwa pande mbili.

Kwenu wanachama tunaomba matatu. Moja, jaribuni makundi matatu au mane kabla ya kusema "makundi hayasaidii." Hata kiatu unajaribu vingapi kabla ya kulipa? Na kila kundi lipe mara tatu, juu siku ya kwanza kila mtu anaogopa. Mbili, tukimwona mwenzetu anaingia au anatoka nyuma ya nyumba fulani, tusiulize, tusihesabu, tusiwatume watoto kuchungulia. Jina la Papa Mabati halikutoka kwa watoto. Lilitoka kwetu wakubwa, watoto walilirudilia tu. Tatu, katika likirimba zetu, mwanachama akiomba mwenyewe kwamba zamu yake apewe katika mbegu au mabati pahali pa feza mkononi, tumkubalie bila kumwuliza kwa nini, na bila kumlazimisha yule ambaye hakuomba.

Kwenu marafiki wafadhili, tunajua mnataka kuona kazi. Ni haki yenu. Lakini katika jambo hili orodha ya majina na picha ndizo zinazoua kazi yenyewe. Tunawaomba mkubali hesabu bila majina: makundi mangapi yanakutana, mara ngapi, watu wangapi waliketi, wangapi walirudi baada ya miezi mitatu. Msituulize kundi la watu 30. La watu sita linalokutana mwaka mzima ni kubwa kuliko lile la 30 lililokufa pamoja na sabuni. Na tusilipe mtu kwa kuketi. Kama kuna feza, iende pale ambapo wenye kuketi juu ya mawe hawafiki kwa nguvu zao: kufundisha wauguzi kumtunza mtu anayeacha pombe, dawa zisikose katika kituo, na mtaji mdogo kwa wamama wanaotaka kutoka katika kazi ya mitungi.

Tumalize na papa wetu. Mtatuuliza: alipona? Tungependa kusema ndiyo, mpige makofi. Tangu alipoketi juu ya mawe yale ameanguka mara mbili. Mara ya pili, baada ya matanga ya ndugu yake, alikunywa siku ine. Siku ya tano, mwenzake wa wawiliwawili alikuja mlangoni, hakusema kitu, akaketi. Walikwenda pamoja kituo cha afya, kisha pamoja kwenye kundi. Leo ana miezi, siyo miaka. Amerudisha mabati matatu kati ya manane. Alisoma maneno haya kabla hatujayaleta kwenu, akatukubalia kuyasema, na akaondoa mambo mawili aliyoona yanamfunua. Tuliyaondoa.

Alitutuma pia tuwaambie hivi: "Waambieni wasichoke kubadilisha kundi. Miye lile la kwanza liliniua kidogo. Ningebakia hapo kwa akili yangu, ningekuwa nimekufa mzima."

Kwa yeyote anayetaka kuanza, mama mmoja na papa mmoja wa komite wamekubali kuwa mlango. Mnawajua. Mwanamke amfuate mama, mwanaume amfuate papa, jioni au asubuhi, peke yako. Hautaulizwa kwa nini umekuja. Watakuambia tu siku na fasi, na kama unataka, mmoja atatembea nawe mara ya kwanza.